Shada Ambalo Halikuwahi Kukaa Mezani

Mtoto wa kaka yangu alinitumia picha usiku mmoja, bila hata salamu, na swali moja chini yake: "Shangazi, hii ni kamera au ni mkono?" Picha yenyewe ilikuwa ya maua. Chombo cha kioo kimekaa kwenye ukingo wa meza ya marumaru, nyuma yake giza tupu, na maua yamefumuka kutoka gizani, yale ya katikati yakiwaka kana kwamba mtu kawasha taa ndani yake. Nikamjibu kuwa ni mkono. Kamera ilikuwa bado zaidi ya miaka 100 kuja. Ni mkono wa mwanamke wa Kiholanzi, Rachel Ruysch, aliyezaliwa The Hague mwaka 1664 na kufariki Amsterdam mwaka 1750. Hakuchelewa kurudisha jibu: "Sasa kubwa ni nini hapo? Si kaweka maua mezani akayachora?"

Swali hilo nimelisikia mara nyingi tangu maonyesho makubwa ya kazi za Ruysch yalipofunguliwa Munich, Ujerumani, Novemba 2024, kisha yakahamia Toledo na Boston nchini Marekani mwaka 2025. Picha zake zimezunguka kwenye simu za watu wasiowahi kuingia makumbusho yoyote, na hilo limenifurahisha. Ila maneno yanayozunguka nazo yanagongana. Yuko anayesema ni urembo wa kutundika sebuleni. Mwingine anaapa kwamba kila ua ni fumbo la siri lenye kusubiri kufumbuliwa. Mwingine anasimulia kuwa mama huyu alidharauliwa maisha yake yote, akafa bila kujulikana, hadi juzi alipofukuliwa. Nimeona bora nikae chini nilieleze jambo hili kwa kituo, kwa sababu naipenda kazi yake na sipendi isifiwe kwa mambo ambayo hakuyafanya huku aliyoyafanya yakipitwa.

Tuanze na jina la aina hii ya picha, maana hapo ndipo wengi hupotelea. Waholanzi waliiita stilleven, yaani maisha yaliyotulia. Wafaransa wakaiita nature morte, maumbile yaliyokufa. Sisi hatuna neno moja lililozoeleka. Mimi husema picha ya vitu tulivu. Ni picha isiyo na mtu wala kisa cha vita au cha harusi. Kuna matunda, samaki, sahani, vitabu, maua, vitu vya kawaida vilivyopangwa mahali. Picha za maua ni tawi moja la ukoo huo. Za Ruysch zimechorwa kwa rangi ya mafuta, ambayo ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta, aghalabu ya mbegu za kitani. Rangi hiyo haikauki kwa jua la mchana mmoja. Huchukua siku, pengine wiki, na ukiifahamu tabia yake hiyo utaelewa mengi yatakayofuata.

Sasa turudi kwenye swali la kijana wangu. Aliweka maua mezani akayachora?

Chukua kapu. Ndani yake weka embe dodo la Desemba, juu yake weka chungwa la Muheza lililoiva Julai, yote mabichi, yote yakitoa utomvu kwenye kikonyo kana kwamba yamechumwa asubuhi hii. Mama yeyote wa sokoni akiiona picha ya kapu hilo atakuambia: hapana, hili halikuwahi kuwepo. Hahitaji kusomea sanaa kulijua hilo. Anaijua misimu.

Ndivyo ilivyo kwa shada la Ruysch. Huko Uholanzi tulipu huchanua Aprili na Mei. Mawaridi ya bustanini husubiri Juni. Popi ni ua la kiangazi, na petali zake hudondoka upesi mno baada ya kufunguka. Lakini kwenye picha za maua za Kiholanzi maua ya majira mbalimbali yanakutana ndani ya chombo kimoja, yote katika saa yake bora. Mtu wa Amsterdam wa zama zile aliyekuwa na bustani aliliona jambo hilo mara moja, kama mama wa sokoni na kapu lake. Shada hilo halikuwahi kukaa mezani kwa yeyote. Kila ua ni la kweli, limetazamwa kwa makini hadi mshipa wa jani. Mkusanyiko wao ndio uliobuniwa.

Mchoraji alifanyaje, basi? Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuchora ua moja moja wakati wake, ukaweka michoro hiyo kama akiba, ukaitumia siku ya kupanga shada. Ya pili ni kungoja. Jan van Huysum, mchoraji wa maua wa Amsterdam aliyekuwa mdogo kwa Ruysch kwa miaka 18, aliandika barua mwaka 1742 akieleza kwa nini kazi ya mteja haijakamilika: mwaka uliotangulia hakuweza kupata waridi la manjano. Turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, ilikaa pale na nafasi wazi, ikingoja msimu ugeuke. Picha yake mojawapo iliyoko London ina miaka miwili chini ya sahihi, 1736 na 1737, na mtu anayedhani kuwa ni kosa hajui kwamba hapo katikati ulipita mwaka mzima wa maua.

Mimi jambo hili nilifundishwa na bibi yangu kabla sijasikia jina la Ruysch. Alikuwa akitunga vikuba kule Tanga. Alasiri, jua likianza kulegea, alikaa barazani na sinia la asumini mapajani, na nilipojaribu kumsaidia kwa kuchagua yale yaliyokwisha kufunguka, yaliyokuwa mazuri zaidi machoni pangu, aliyatoa moja baada ya jingine akayaweka pembeni. Alitaka matumba, yale yaliyofumba bado, meupe yenye ncha ya waridi. Yatafunguka usiku, aliniambia, yakiwa kichwani kwa bibi harusi. Asubuhi kikuba kile kimekuwa rangi ya chai. Kazi yake ilikuwa kupiga hesabu ya saa ambayo haijafika. Kila nikitazama ua la Ruysch lililofunguka nusu, na jirani yake lililopitiliza likainamisha shingo, naona hesabu ile ile, isipokuwa yeye aliikusanya miezi kadhaa ndani ya saa moja.

Kwa nini watu wa leo hawalioni jambo hili? Nadhani sababu iko karibu nasi kuliko tunavyofikiri. Leo waridi lipo Februari, lipo Julai, lipo Desemba. Linakuzwa chini ya mahema ya plastiki kando ya Ziwa Naivasha, linapanda ndege Nairobi, na mengi yake hupitia soko la maua la Aalsmeer, ambako si mbali na mji alikochora Ruysch. Mtu aliyezoea kununua ua lolote mwezi wowote akiona tulipu na waridi pamoja hashangai. Kilichomshangaza mtazamaji wa mwaka 1710 kimekuwa bidhaa ya kawaida, na sehemu kubwa ya bidhaa hiyo inatoka Kenya.

Hapo sasa ndipo tunapofika kwenye nyumba aliyokulia Ruysch, kwa sababu jicho lile halikushuka kutoka mbinguni. Baba yake, Frederik Ruysch, alikuwa daktari aliyefundisha umbile la mwili wa binadamu, na kuanzia 1685 alikuwa pia profesa wa mimea katika bustani ya Amsterdam. Alijulikana Ulaya nzima kwa ufundi wa kuhifadhi maiti na viungo, akiingiza nta yenye rangi kwenye mishipa hadi ngozi ikaonekana kama ya mtu aliyelala. Nyumba ilijaa chupa, wadudu waliokaushwa, mimea, mifupa ya wanyama. Peter Mkuu, mfalme wa Urusi, alifika kuitazama, na mwaka 1717 akaununua mkusanyiko huo kwa gilda 30,000, gilda ikiwa fedha ya Waholanzi. Sehemu yake iko St Petersburg hadi leo. Rachel alikulia katikati ya hayo. Mdudu kwake alikuwa kitu cha kugeuzwa na kuhesabiwa miguu. Kwa upande wa mama nao kulikuwa na sanaa: babu yake mzaa mama, Pieter Post, alikuwa msanifu majengo, na ndugu wa babu huyo, Frans Post, alichora mandhari ya Brazili.

Alipofika miaka 15, mwaka 1679, alipelekwa kujifunza kwa Willem van Aelst, mmoja wa mafundi wakubwa wa picha za maua Amsterdam. Kutoka kwake alichukua jambo moja ambalo ukilijua utaweza kuitambua kazi yake hata bila kuona jina: shada halisimami katikati kama mtu aliyepangwa kwa picha ya pasipoti. Linakwenda mshazari. Shina moja linapanda juu kushoto, jingine linaanguka chini kulia, na jicho lako linapita katikati kama kwenye herufi S iliyolala. Hakuna upande unaofanana na mwenzake. Mapambo ya sherehe nyingi za leo hupangwa kwa ulinganifu, kulia sawa na kushoto, yakatulia kama mlango. Ya Ruysch yanaonekana yanapumua.

Tuje kwenye mimea yenyewe. Katika mojawapo ya picha zake, ndani ya chombo cha kioo cha buluu, pamoja na maua mengine kuna tawi la mtini, kuna dungusi lenye miiba, na kuna ua refu kama tarumbeta la jamii ya mnanaha. Ndiyo, mnanaha, ule unaoota majalalani kwetu na ambao wazee walituonya tusiuguse kwa ajili ya sumu yake. Na dungusi kwao ni bara la Amerika. Vilifikaje chomboni Amsterdam?

Vilifika kwa meli. Bustani ya mimea ya mji huo ilianzishwa 1638 kwa ajili ya dawa, lakini kufikia siku za Ruysch ilikuwa imejaa miche iliyoletwa na makampuni ya biashara kutoka Rasi ya Tumaini Jema, Java, Ceylon (Sri Lanka ya leo) na Amerika. Ipo habari moja inayotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1706 mche wa kahawa uliletwa kwenye bustani hiyo kutoka Java. Uzao wake ulipelekwa Paris mwaka 1714 kama zawadi kwa mfalme Louis XIV, na kutoka ukoo huo ilienea sehemu kubwa ya kahawa ya Amerika. Mmea ambao asili yake ni Ethiopia, uliolimwa Yemen, ukavuka Bahari ya Hindi, ulipita kwenye bustani ileile ambako baba yake Rachel alifundisha.

Wala tusizungumzie meli hizo kana kwamba zilibeba miche peke yake. Suriname, huko Amerika Kusini, lilikuwa koloni la Waholanzi la mashamba ya sukari, na waliolima ni watu waliotekwa Afrika na kufanywa watumwa. Mwanamke mwingine aliyekuwa akiishi Amsterdam, Maria Sibylla Merian, alisafiri kwenda huko mwaka 1699 kuchora wadudu na mimea, na kitabu chake kikatoka 1705. Ndani yake aliandika kuhusu kichaka chenye maua mekundu na manjano, kile ambacho leo kimepandwa kama urembo kwenye nyua nyingi za pwani yetu. Wanawake watumwa, aliandika, walitumia mbegu zake kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Ruysch hakuandika maneno kama hayo, na picha zake hazisemi habari za mashamba. Lakini nikiona ua la nchi za joto limechomekwa katikati ya mawaridi ya Ulaya, najua kwamba lilisafiri ndani ya biashara ileile, na sioni haki kusifia uzuri wake huku njia lililopitia likifunikwa.

Sasa hili la mafumbo. Imani kwamba kila ua lina maana moja ya siri, waridi maana yake hivi, kipepeo maana yake vile, na kwamba ukiwa na orodha utaisoma picha kama barua, ina mzizi wa kweli. Kulikuwepo picha za vitu tulivu zilizokusudiwa kumkumbusha mtu kifo: fuvu mezani, saa ya mchanga, mshumaa uliozimika. Mtazamaji alielewa bila kuambiwa: dunia inapita. Maua nayo yalibeba ujumbe huo kwa urahisi, kwa kuwa hakuna asiyejua yanavyonyauka. Na Ruysch hakulificha hilo. Tazama majani yake: lipo lililotobolewa na kiwavi, na lingine limeanza kukauka ncha.

Lakini yeye hakuweka fuvu. Na hao wadudu wana kazi nyingine ambayo naiona nzito kuliko fumbo: wanakula, wanapanda, wananyonya nekta, wanawindana. Katika picha yake ya mwaka 1711 iliyoko jumba la Uffizi, Florence, hakuna hata chombo cha maua. Uko chini ya mti porini. Kuna zabibu, mapichi, masuke ya ngano, na kiota chenye mayai. Karibu yake yuko mjusi. Unaweza kusema ngano na zabibu ni mkate na divai ya Wakristo, na mtazamaji mcha Mungu wa siku zile huenda alilifikiria hilo. Unaweza pia kusema ni mjusi tu na mayai. Picha inakuachia yote mawili, na mtu anayekuuzia orodha ya maana moja kwa kila ua anakunyima nusu ya kilichopo.

Kosa ninalolichukia zaidi ni lile linalosemwa kwa sauti ya upole: kwamba wanawake walichora maua kwa sababu ni wapole na maua ni mapole. Sivyo. Kazi iliyohesabiwa kuwa ya juu kabisa ilikuwa picha za visa vya historia na vya dini, zenye miili ya watu wengi. Mwaka 1667 Mfaransa André Félibien aliandika hata ngazi ya heshima ya picha, visa vikiwa juu na vitu visivyo na uhai chini kabisa. Ili kuchora miili hiyo ilibidi mchoraji ajifunze kwa kumtazama mtu aliye uchi, na mlango huo ulifungwa kwa wanawake. Paris karne nzima baadaye hali haikuwa tofauti sana: Anne Vallayer-Coster, fundi mwingine wa maua, alikubaliwa kwenye Akademia ya kifalme, chama rasmi cha wasanii, mwaka 1770, mahali ambapo nafasi za wanawake ziliwekewa kikomo cha 4. Ukimfungia mtu milango yote ukamwachia mmoja, kisha ukasema kwamba ameupenda mlango huo kwa maumbile yake, unamsingizia.

Na tazama Ruysch alichofanya na mlango huo. Picha yake moja ililipwa kati ya gilda 750 na 1,200, wakati Rembrandt, ambaye jina lake linajulikana hata kwa wasiojua picha, mara chache alipata zaidi ya 500 kwa picha moja. Mwaka 1693 aliolewa na Juriaen Pool, mchoraji wa sura za watu, wakapata watoto 10. Mwaka 1701 akaingia chama cha wachoraji wa The Hague, mwanamke wa kwanza kukubaliwa humo. Mwaka 1708 akateuliwa kuwa mchoraji rasmi wa ikulu ya Johann Wilhelm, mtawala aliyekaa Düsseldorf, Ujerumani. Hakulazimika kuhamia huko. Alibaki Amsterdam na kupeleka picha. Ile picha ya mjusi na mayai mtawala huyo alimpa baba mkwe wake, Cosimo III de' Medici, ndiyo maana iko Florence. Mtoto wa mwisho wa Rachel, aliyezaliwa mama akiwa na miaka 47, alipewa jina la mtawala: Jan Willem. Kisha mwaka 1723 familia ilishinda gilda 75,000 kwenye bahati nasibu. Fedha hizo zingetosha mtu yeyote kuweka brashi chini. Hakuiweka.

Kwa hiyo hadithi ya mwanamke aliyedharauliwa na kufichwa hadi juzi haimfai. Maishani alikuwa maarufu. Mwaka 1750, mwaka aliofariki, washairi 11 walitoa kitabu kidogo cha mashairi ya kumsifu. Kilichotokea ni kingine, nacho kinauma kwa namna yake: jina halikufutika, lilisogezwa pembeni. Wasomi waliokuja baadaye walipoandika historia ya sanaa ya Uholanzi waliijenga juu ya ngazi ile ya kina Félibien, na maua yakabaki chini. Rijksmuseum ya Amsterdam ina ukumbi wa heshima wenye picha za mabingwa. Ilikuwa Machi 2021 ndipo picha za wanawake zilipotundikwa humo kwa mara ya kwanza: ya Judith Leyster, ya Gesina ter Borch, na ya Rachel Ruysch. Na maonyesho ya 2024 yalikuwa ya kwanza makubwa kuwekwa kwa ajili yake peke yake, miaka 274 baada ya kifo chake.

Limebaki la mkono, ambalo kijana wangu aliliuliza mwanzo. Mchoraji wa shule hiyo hakuanza ua kwa rangi yake. Kwanza turubai ilipakwa msingi. Halafu alipanga maumbo kwa rangi zilizofifia, bila urembo, akiangalia tu mwanga uko wapi na kivuli kiko wapi. Baada ya hapo ndipo alikwenda ua kwa ua, tabaka juu ya tabaka, akingoja la chini likauke. Tabaka za mwisho zilikuwa nyembamba mno, rangi kidogo ndani ya mafuta mengi, kama kipande cha kioo chenye rangi kilichowekwa juu ya karatasi. Mwanga unapenya, unagonga tabaka jeupe la chini, unarudi. Ndiyo maana mawaridi yake yanaonekana yanawaka kutoka ndani. Mng'ao ule ni njia ya mwanga, na giza la nyuma linausaidia kama usiku unavyoisaidia taa ya karabai. Baadhi ya watu wa kazi hii walikwenda mbali zaidi: Otto Marseus van Schrieck, aliyechora mijusi na nyoka wa porini kabla ya Ruysch, alikuwa akibandika mabawa halisi ya vipepeo kwenye picha yake, magamba yake madogo yakabaki kwenye rangi.

Nilimweleza kijana hayo yote kwa ujumbe wa sauti, mmoja baada ya mwingine. Akanyamaza siku mbili. Kisha akanirudishia kipande cha picha ya maua ya Kiholanzi ya zama hizo alichokikuza hadi kikajaa skrini, jani moja tu. "Shangazi, jani hili ni la buluu. Alikosea?"

Hakukosea. Wachoraji wa wakati ule mara nyingi walipata kijani kwa kuchanganya buluu na manjano, na manjano mengi yalitengenezwa kwa rangi ya mimea. Rangi hiyo ya mimea haivumilii mwanga. Miaka 300 ya jua la madirishani imeila polepole, buluu ikabaki peke yake, na katika picha nyingi za maua za Uholanzi majani yaliyokuwa kijani leo yana rangi ya bahari ya jioni. Yeyote aliyewahi kuanika kanga juani miezi kadhaa anajua rangi moja huondoka kabla ya nyingine.

Kwa atakayetaka kuona mwenyewe, Rijksmuseum imeweka picha zake kwenye tovuti, bure, kwa ukubwa unaokuruhusu kusogea hadi kwenye alama ya brashi. Usianze na waridi kubwa la katikati. Anza pembeni, kwenye bua lililojikunja gizani, ufuate hadi utakapokutana na mdudu. Na ukikutana na sahihi, isome. Uzeeni alizoea kuandika umri wake kando ya jina. Mwaka 1741, akiwa na miaka 77, alichora shada dogo lililolazwa juu ya ukingo wa jiwe, pamoja na mbawakawa mmoja. Picha yenyewe ni ndogo, unaweza kuibeba kwapani. Mwaka 1747 alikuwa na miaka 83, na alikuwa bado anachora.